Misumari ya Wimbo wa Saba

Cha kwanza nilikipata mnadani Kiboriloni,
chini ya rundo la makoti ya baridi.
Muuzaji alidhani ni mashine ya kusagia nyama.
Ndeanasia alipokikuta sebuleni akauliza:
"Hilo jeneza la nani?"

Sasa viko vitatu.

Vinanda vya pipa, vya Hispania,
vidogo, vya kuning'inia begani kwa mkanda,
ubavuni mkono wa chuma wa kuzungushia.

Miaka thelathini na mmoja nilikoboa kahawa ya watu hapa Moshi.
Najua gia inayolia kwa njaa ya grisi
na inayolia kwa uongo wa fundi wa jana.
Pipa hili lilinirudisha darasa la kwanza:
mti laini, uliopigwa misumari ya shaba,
maelfu, myembamba kama miiba ya mlimau.
Msumari unainua nyundo, nyundo inagonga waya.
Basi. Hakuna muujiza.
Ila nani alikaa akapima, hapa, si pale,
unywele mmoja kati ya ngoma na kelele?

Umeme ukikatika nashika tochi kwa meno,
nasoma kwa kidole.
Sukuma pipa kulia, pengo moja: wimbo mwingine.
Nyimbo nane juu ya mti mmoja, hazigusani,
kama wapangaji wa Majengo,
ua mmoja, kila mtu na ufunguo wake.

Nondo walikuwa wamekula sufu ya nyundo.
Nikakata kofia ya marehemu baba mkwe
(hilo Ndeanasia halijui).
Waya nikachambua kutoka breki ya baiskeli.

Nyimbo sita zikaitika. Wa nane ukakohoa, ukaitika.
Wa saba, kimya.

Nikainama na tochi. Matundu matupu,
masafi, safu kwa safu.
Koleo. Mtu aliing'oa mmoja mmoja,
bila kugusa wa sita, bila kugusa wa nane.
Mkono mtulivu kabisa.
Moyo, sijui.

Misumari ninayo, nimeikata mwenyewe,
imejaa kopo la maziwa ya unga.
Matundu yenyewe yanasema kila mmoja urudi wapi.
"Si ujaze tusikie?"

Nikamzungushia wa saba kama ulivyo.
Gia zikaenda, pipa likaenda,
nyundo zimelala.
Ndeanasia amesimama na mwiko, unga unadondoka sakafuni,
mpaka pipa likamaliza mzunguko.

"Haya," akasema,
"hilo kopo liweke juu ya kabati."