Kovu Halina Mlango

Kinyozi hajinyoi, wanasema. Na msusi?
Miaka ishirini na miwili nasuka vichwa vya Mwanga:
yebo-yebo, mabutu, twende kilioni,
na chini ya kilemba changu kilio kilishafika.
Paji la uso lilipanda taratibu
kama ziwa mwaka ule lilipoingia nyumba za Kibirizi.

Nilipaka mise ya Simbo, nikang'aa tu.
Nilipaka maji ya kitunguu; Ruhaga, mume wangu,
akauliza pilau iko wapi.
Nilipaka dawa ya chupa, ya dukani:
ikateremka shingoni, ikawasha,
usiku moyo ukapiga kama injini ya boti isiyo na abiria.

Ndipo Mwavita, mtoto wa dada, akashuka kwenye treni
na daftari la chuo cha dawa na lenzi ya mkononi.
"Mama mdogo, hiyo yote ni mvua juu ya bati.
Kila unywele una shimo lake, mzizi umelala chini.
Sisi dawa tunaifunga ndani ya vitone vya mafuta.
Pasua unywele mmoja mapande mia tano,
upana wa pande moja ndio upana wa kitone."

Nikacheka. Nani atashika kisu hicho?

"Vinatumbukia vyenyewe. Ukikanda kichwa,
unywele hutikisika, huvisindika chini kama mchi.
Huko vinakaa, vinaachia dawa kidogo kidogo,
damu isishtuke, moyo usijue."

Chupa hakuwa nayo. Bado wanapima, alisema.

Tukafunga mlango wa saluni. Kilemba akakivua yeye.
Lenzi ikatembea, baridi, sikio hadi sikio.
"Hapa juu mashimo yako wazi, yanasubiri.
Hapa kwenye panja..."
Akanyamaza.
"Hapa ni kovu, mama mdogo. Kovu halina mlango."

Sikumwambia ni mkono wa nani ulioyaziba,
mkono wa mama yake, jioni za utoto wetu,
kaza, tulia, kaza, zikae mwezi.

Jumamosi akaletwa mtoto wa darasa la pili,
macho tayari yamejiandaa kuvutwa.
"Mkaze, zifike hadi shule zifungwe."
Vidole vikaikumbuka njia yao ya zamani.
Nikavilegeza.
"Zitafumuka kabla ya Ijumaa," mama akanung'unika.

Zifumuke.
Nitamsuka tena bure.