Upawa Mmoja

Miaka ishirini na sita nilishika upawa
katika jiko la kambi, hapa hapa Bombo,
na hakuna askari niliyempunja wala niliyemzidishia.
Posho nilikata kwa ukingo wa sahani,
kipande kama tofali; maharage, upawa mmoja.
"Songa! Anayefuata!"
Kanali mwenyewe alipata upawa mmoja,
ila wake nilichota chini, penye nyama.

Mimi sikupanga foleni.
Mpishi huonja, na kuonja hakuna hesabu:
kijiko cha chumvi, kijiko cha kuihakikisha chumvi,
kisha, saa nne usiku, ukoko wa sufuria,
mkavu, mtamu, unaovunjika kama kigae,
na mchuzi uliobaki juu yake.

Sasa nimestaafu. Tumbo limebaki kazini.
Sista Kabasinguzi wa zahanati alinipandisha kwenye mizani,
mshale ukakimbia, ukagonga mwisho, ukatetemeka.
"Mzee Fadimulla, sikunyimi chakula.
Nionyeshe ngumi yako."
Nikakunja ngumi, nikidhani anatafuta mshipa.
"Posho ni hiyo. Isizidi.
Nyama, kiganja bila vidole.
Mboga, jaza viganja viwili, hapo sitakugombeza."

Ngumi hii! Iliyosonga posho ya watu mia nne
kwa mwiko mrefu kuliko kuruta,
kumbe ndiyo kipimo, na nilikuwa nayo siku zote
mwishoni mwa mkono.

Nyumbani Zenabu ameficha sahani yangu ya bati.
Ananipakulia kwenye kisahani cha maua
tulichopewa tulipooana,
na matoke ni vipande vitatu. Nimevihesabu mara mbili.
Mchicha umejaa hadi unadondoka,
mchuzi wa karanga, kijiko.
"Tafuna," anasema. "Hakuna king'ora."

Jumamosi, arusini kwa Rajabu, pilau ikaletwa kwa sinia.
Watu sita, mikono sita.
Ngumi utaipima wapi kwenye sinia?
Nikachora mpaka kwa kidole upande wangu,
kifereji kidogo katikati ya wali,
na wali wa jirani ukaporomoka, ukanijia.
Mzee Khemisi akaninong'oneza:
umegombana na mwenye shughuli?

Lakini mchana si shida. Shida ni saa nne usiku,
saa ya ukoko.
Hapo tumbo huja na sauti ya Odongkara,
kuruta mwembamba, mwaka ule wa mvua nyingi,
aliyesimama mbele yangu na bakuli kwa mikono miwili:
"Afande, ongeza kidogo."
Nikamwambia, upawa ni mmoja, kijana.
Akaondoka. Hakuuliza tena, siku ile wala nyingine.
Na usiku ule nilikwangua sufuria peke yangu
mpaka chuma kikang'aa.

Miezi mitatu imepita. Mkanda umerudi
kwenye matundu yake ya kiwandani,
lile nililotoboa kwa msumari halina kazi.
Sista anapiga makofi, ananiandika kwenye daftari lake.
Mimi nanyamaza,
maana kila usiku yule kijana anapanga foleni, peke yake,
na kila usiku namjibu neno lile lile,
upawa ni mmoja,
nageukia ukutani, nalala.

Isipokuwa jana.
Jana nilimwongezea.
Nusu.