Kiambishi -ta-

Saa saba usiku. Webuye imelala
isipokuwa chumba changu cha gemu nyuma ya kinu cha unga
na vijana tisa waliolipa shilingi kumi kumi
kutazama kitu ambacho hakipo.

Kule kunakotangazwa ni mchana,
watu wametoka kula, wameegemea viti laini.
Aliyeichagua saa hii hakututia hesabuni,
sisi wa vyura wa Nzoia, wa tokeni ya stima
inayosoma nne nukta mbili,
na Wekulo, mwenye mtihani wa kemia asubuhi.

Giza kwenye skrini. Ngoma ya mbali.
Upanga unachomolewa polepole kwenye ala.
Uso wa mtu tusiyemjua; tayari tunampenda.
Kisha herufi nyeupe:
ITATOKA.

Basi. Hakuna siku, hakuna mwezi.
Vijana wakapiga kelele hadi mbwa wa jirani akaitikia.

Mwalimu Khaoya, darasa la sita, alituchorea ubaoni:
-li- imekwisha,
-na- inaendelea,
-me- imetimia lakini bado ina joto,
-ta- bado.
Hakutuambia kwamba -ta- inauzwa.

Mimi bei yake naijua.
Jumanne nilimaliza kulipia ile ya zamani,
awamu ya nne, kwa jamaa wa Eldoret;
diski ingali inanukia plastiki.
Alhamisi wakatangaza mpya.
Ijumaa Simiyu akasukuma kidhibiti pembeni:
"Hiyo imezeeka, Kizito. Tungoje ile."
Haijazaliwa, na imeshaizeesha yangu.

Nimeanza kuwasoma.
Hutangaza mwenzao akikaribia kuuza,
kama muuza sambusa anayekohoa kwa nguvu
mteja akigeukia meza ya jirani.
Hutangaza hesabu zao zikikaribia kusomwa, kama hazipendezi.
Na wakiahirisha, huahirisha Ijumaa jioni,
kwa herufi ndogo, watu wakielekea nyumbani:
tunawashukuru kwa subira yenu.
Subira ipi? Nani aliiomba?

Mwaka jana waliandika, "msimu wa majani kupukutika."
Simiyu, ambaye jina lake lenyewe ni kiangazi,
akaniuliza huo ni mwezi gani.
Nikatazama nje: mikaratusi inabambuka magamba mwaka mzima.
Nikamwambia, pengine baada ya mahindi.
Mahindi yakavunwa, yakaanikwa,
yakaingiwa na fukusi.

Baba husikia yote haya kutoka chumba cha pili.
Miaka kumi na tisa alilisha mashine magogo,
upande huu mkaratusi,
upande ule karatasi,
herufi moja tu katikati, alikuwa akisema, na jasho langu.
Asubuhi king'ora cha zamu kilipokosa kulia
waliambiwa langoni: kitafunguliwa.
Viatu vyake vya kazi viko chini ya kitanda.
Huvipaka mafuta.
Tangazo hurudi kila baada ya miaka kadhaa,
nyuso zikianza kubandikwa kwenye nguzo za stima,
na yeye huvitoa, huvitazama, huvirudisha.

Usiku huu ameingia, blanketi begani.
Vijana wakasogea kwenye benchi, wakampa nafasi.
"Wamesema lini?"
"Hawajasema, Baba."
Akatikisa kichwa taratibu,
kama fundi anayekagua ukuta wa fundi mwingine.
"Hao wanaijua kazi."

Nilingoja aniambie nizime, stima ni ghali.
Alikuwa anapapasa mfuko wa suruali.
Akaweka sarafu ya kumi mezani, karibu na mkono wangu,
macho hayajabanduka kwenye giza la skrini.

"Irudie," akasema.
"Pale upanga unapotoka."

Tokeni ilisoma tatu nukta tisa.
Nikairudia.