Forosadi na Chai
Tusajigwe, vidole bado zambarau,
mdomo kama umelamba wino.
Mforosadi nyuma ya choo umezaa hadi kunguru wamekinai,
nawe ukiinuka bado unashika ukuta.

Nesi wa Katumba kasema chuma kimo.
Kimo, ila kuwamo tundani si kuwamo damuni;
kuna mlango huko utumboni,
na chai imekaa kizingitini.

Chai! Hiihii,
ya kapu mgongoni na mvua ya Rungwe shingoni.
Tunaichuma, nayo inatuchuma chuma.

Basi sogeza kikombe.
Kamulia limau, mwanangu, ule taratibu,
na huyo umbebaye naye ana zamu.
Chai ingoje.
Sisi pale kwenye mzani huwa tunaingojea kutwa.