Mkalimani wa Mrushaji

Kazi yangu ni kusimama hatua moja nyuma ya bega lake la kushoto,
lile lisilorusha,
na kuyageuza maneno yake yakiwa bado ya moto.

Tumefungwa mara ya sita mfululizo hapa Gunsan,
kumi na moja kwa mbili,
na mvua ya Septemba imekataa kutuokoa:
ilinyesha nusu saa, ikaacha, tukarudi kumalizia aibu.
Kocha Noh ameshasema lake,
asiyekubali kushindwa si mshindani,
akaenda zake kuoga.

Mwandishi anauliza: mashabiki wa nyumbani wanakupa nini?
Wilquin Peguero anajifuta shingo, anajibu kwa Kihispania:
"Wananitisha.
Nimeruhusu pointi saba, nao wanaimba.
Ngoma zinalia, akina mama wanatikisa mikono,
mtoto mmoja kalala, kofia yenye jina langu imemfunika uso.
Kwetu San Pedro wangenirushia machungwa.
Chungwa ningelielewa."

Nami nasema kwa Kikorea:
"Anasema mashabiki ni mchezaji wa kumi. Anawashukuru sana."
Kalamu zinainama. Zimeridhika.

Je, nafasi ya kuingia mchujo bado ipo?
"Hesabu unaijua, bwana.
Tushinde tisa kati ya tisa,
na wale wa Ulsan wasahau kucheza."
Nasema: "Tutazichukua mechi moja baada ya nyingine."
Sentensi hiyo ninayo mfukoni tangu Aprili,
imechakaa pembe kama tiketi ya basi.

Sikuajiriwa kudanganya.
Ni sukari kidogo huku, sukari kidogo kule,
maana hata yeye namtilia.
Jukwaa la tatu wakipaza "Rudi kwenu, mkono wa tambi!"
ananigeukia: wanasemaje?
Wanasema kaza moyo.
Anawapungia glovu, maskini,
nao wanaopungiwa wanaona haya, wanakaa.
Labda hiyo ndiyo nafasi ninayocheza mimi,
kati ya kituo cha pili na cha tatu,
nadaka kila kitu kabla hakijatua.

Ijumaa tukafungwa mara ya saba.
Ma Gyeong-tae, yule wa redio, mwenye viatu vya mpira,
akauliza lile lile.
Peguero akajibu lile lile, woga wake, machungwa yake,
nami, sijui ni uchovu, sijui ni njaa,
nikayatoa kama yalivyo.
Wananitisha. Chungwa ningelielewa.

Kimya.
Bi Ok, afisa habari wa klabu,
alinitazama kama mtu aliyekuta nyoka kwenye kabati la vyombo.

Jumamosi watu elfu mbili na mia nne,
wengi kuliko Ijumaa.
Awamu ya nne mpira ukapaa juu ya ukuta wa kulia,
wawili wakaingia.
Ngoma zikanyamaza.
Nilidhani umeme umekatika, kana kwamba ngoma hutumia umeme.
Kisha kitu kidogo cha kijani kikatua karibu na kilima chake.
Si chungwa. Chenza,
la mwanzo wa msimu, halijapata hata rangi,
kwa kuwa machungwa hapa ni ghali.
La pili likafuata. La tatu likamgonga mwamuzi gotini.

Peguero akaokota moja.
Akalimenya pale pale, taratibu, kama yuko jikoni kwao,
maganda akiyatia kwenye glovu,
uwanja mzima ukimtazama anavyokunja uso kwa ukali wake.
Akalimaliza.
Mpigaji aliyefuata akamwondoa kwa mirusho mitatu.

Tulifungwa tano kwa nne, hata hivyo.

Kwenye ngazi za kushukia vyumbani,
vidole vyake bado vikinukia ganda,
hakungoja maikrofoni. Akaniuliza mimi:
"Na wale wa jukwaa la tatu,
tangu Aprili,
walikuwa wakisema nini hasa?"