Jiwe Katika Sukari

Lugazi, dukani kwa Hansaben,
nilirudisha robo kilo:
"Mama, sukari yako ina mawe."
Jino lilikuwa bado lanipwita.

Hakukana. Alilamba kidole, akacheka.
"Śarkarā. Ni Kisanskriti:
changarawe kwanza, utamu baadaye.
Na ni jina la kike, huishia kwa *aa* ndefu
kama anayemwita dada ng'ambo ya shamba."

Waajemi wakalifupisha,
Waarabu wakaikaza *k*,
sisi tukaongeza *i*, tukalitia
katika ngeli isiyojua wingi:
gunia au punje, sukari ni ileile.

Lori la miwa likapita, duka likatikisika.
Alinipimia upya,
hakuzidisha hata chembe.

Usiku nakoroga chai,
nasikiliza kikombe:
changarawe, changarawe,
kisha kimya.