Pengo la Ubeti wa Tatu

Mimi ndiye karani. Daftari liko kwangu,
limefungwa kwa mpira wa baiskeli, lanuka ndimu na majivu,
maana shaba ya Malindi husuguliwa kila wiki;
ukiiacha, chumvi ya hewa yaivisha kijani
kama birika lililosahauliwa msibani.

Ukurasa wa kwanza una jina moja na deni:
Zefania Randu. Tarumbeta mbili, pembe ya shaba iliyobonyea,
vyote kwa magunia kumi na manne ya korosho
na mbuzi ambaye, imeandikwa, "alitoroka kabla ya makabidhiano."
Deni la mbuzi halijafutwa.
Kila mwaka mweka hazina hulisoma, nasi twacheka,
twaliahirisha.

Ukurasa wa pili ni sheria. Ziko tatu tu.
Atakayechelewa mazoezi atabeba tuba.
Adhana ikiwa hewani, shaba ishushwe magotini.
(Twasimama njiani, midomo ingali moto,
mpaka mwadhini amalize, ndipo twaendelea
palepale tulipomezea pumzi.)
Ya tatu Randu aliiandika kwa wino mwekundu:
Maiti asiye na mtu, ana sisi.

Hiyo ndiyo kazi. Usidanganywe na sare,
na vifungo vya dhahabu ya uongo, na Krismasi
tunapoteremka kutoka Barani watoto wakitufuata kama vifaranga.
Kazi ni ile simu ya hospitali, saa tatu asubuhi:
"Tuna mmoja. Siku thelathini. Hajaulizwa."
Twavaa. Twaenda. Asindikizwe
na watu kumi na wawili wasiomjua jina,
wanaompigia kana kwamba jana walikula naye sima.

Sasa nikwambie habari ya Thoya.
Tromboni. Kibarua wa mashamba ya chumvi, Gongoni,
visigino vimepasuka kama udongo wa kiangazi,
lakini akiuvuta ule mkono wa shaba, sauti hutoka
taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.
Katika ubeti wa tatu alikuwa na noti nne za peke yake.
Nne tu. Sote twanyamaza, yeye anapita.

Mwaka Sabaki ulipofurika tulimzika yeye.
Tukafika ubeti wa tatu, tukanyamaza kwa mazoea,
na hakuna aliyepita.
Noti nne za upepo.
Mbeyu, mjane wake, akatikisa kichwa mara nne, akizihesabu,
kisha tuba ikatuokota.

Hatukukaa kikao. Daftari halina uamuzi.
Ila toka siku hiyo hakuna aliyeziba pale.
Mchungaji mgeni aliuliza: mbona hapo huwa mnasahau?
Mwalimu wa muziki kutoka Mombasa akatujazia pengo
kwa penseli iliyochongwa vizuri.
Tulimshukuru, tukamnunulia madafu,
tukapiga vilevile.

Juzi nimemkuta Dama, miaka kumi na mmoja,
nyuma ya kanisa, anawafundisha wenzake
kupuliza vipande vya mpira wa kumwagilia bustani.
Mashavu yamewavimba. Kuku wamehama.
"Hapa," anasema, "mnahesabu nne. Msipulize."
"Kwa nini?"
"Ndivyo wimbo ulivyotungwa."

Nilitaka kumsahihisha. Daftari lilikuwa kwapani.
Nikafungua mpira, nikapekua, nikalitafuta jina la Thoya
kati ya nauli, faini na bei za nyuzi za ngoma;
nikaliona, wino umeparara,
mbele yake Randu mwenyewe, kwa mkono wa uzee,
ameandika: yupo.

Sikusema neno.
Simu ikalia mfukoni. Hospitali.
Mmoja, siku thelathini, mwanamke,
mkononi bangili ya shanga, basi.
Nikawaambia watoto wakalete ndimu.